Uso Nilioufuta kwa Asidi

Mimi ndiye niliyefuta uso wa Bikira Maria katika kanisa la mama yangu. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu watu wa mtaa wetu wanalijua tayari, na sitaki mgeni asome kurasa hizi akidhani nimekaa kujisifu tu. Kujisifu nitajisifu. Sikusoma shule za kutosha kunifundisha kujificha.

Nilifika mwaka wa tano wa shule ya msingi, nikatoka. Leo ukipita katikati ya Lubumbashi ukainua macho, vioo vingi unavyoviona viking'aa niliviweka mimi: benki mbili, hoteli ya ghorofa saba, ofisi za watu wa migodi, na nyumba za wakubwa ambao si adabu kuwataja. Karakana yangu iko Naviundu, hatua chache kutoka mtoni, na mashine yangu ya kukatia aluminiamu ilikuwa ya kwanza mtaa mzima. Kioo cha milimita kumi nakikata kwa mkono bila kupumzika katikati. Vijana wenye diploma huja na kompyuta zao, wanapima, wanapima tena, halafu mmoja wao ananisogelea polepole: "Muzee, weye unaona namna gani?" Mimi natazama ukuta tu, nawaambia umepinda wapi. Na kweli umepinda.

Kwa hiyo mtu kama mimi, kuhusu kioo, alikuwa amuulize nani?

Kanisa lenyewe ni dogo. Liko nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa reli, na mnara wake ni mfupi kuliko miti ya jakaranda iliyolizunguka, hata mgeni anaweza kulipita akidhani ni ghala. Babu zetu walioletwa kutoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli na ya shaba ndio waliolijenga, saa za jioni, wakishatoka kazini, mmisionari mwenye ndevu akiwa amesimama na kamba yake ya kupimia. Pale palikuwa na kichuguu, kirefu kuliko nyumba, kama vilivyo vichuguu vya huku kwetu. Walikivunja, wakafyatua matofali kwa udongo wake, wakayachoma palepale. Baba yangu, aliyefanya kazi ya kufunga mabehewa mpaka kufa kwake, alikuwa akigonga ukuta ule kwa vidole kila tunapoingia misa. Anagonga, anasikiliza, anaridhika. Nadhani hiyo ndiyo shule yangu ya ujenzi.

Madirisha ya vioo vya rangi ni matatu. Wazee walisimulia kwamba yaliagizwa manne kutoka Ulaya, yakasafiri kwa meli, kisha kwa treni siku nyingi, ndani ya masanduku yaliyojazwa majani makavu, na sanduku moja likapotea njiani. Mahali pa dirisha la nne waliweka kioo cha kawaida, na hadi leo jua linaingia pale jeupe, bila adabu, likiwapiga usoni wanaume wa kwaya. Dirisha la kwanza ni Yosefu na msumeno wake. La pili ni Petro na funguo. La tatu, kubwa kuliko yote, liko upande wa bamama, akina mama wa kanisa: msalaba, Yohane, na Maria amesimama chini yake amevaa buluu. Watu wote katika vioo vile wana nyuso nyeupe kama bukari, ugali wetu wa huku. Wote isipokuwa Maria. Uso wa Maria ulikuwa mweusi.

Chini ya dirisha hilo kuna meza ya chuma ya kuwashia mishumaa. Miaka yote mishumaa inawaka, moshi unapanda, na vumbi la kiangazi linaingia kwenye nyufa na kuganda. Tangu utoto wangu nilijua, wala sikuambiwa na mtu, kwamba ule weusi ni masizi.

Mama yangu anakaa benchi la tatu, chini kabisa ya dirisha lile. Hapo zamani alikaa nyuma, karibu na mlango, na majirani zake. Alihamia mbele baada ya kumzika mdogo wangu.

Hapa napaswa kusema habari ambayo kwa kawaida nairuka. Watu wakiniuliza nilianzia wapi, nawaambia: nilianzia ndani ya shimo. Na ni kweli. Nilichimba mawe ya kijani porini, kwenye njia ya Kinsevere, kwa sururu na mfuko, mvua na jua, mpaka nikapata cha kununulia kioo changu cha kwanza na kisu cha kukatia. Watu hupenda sana habari hiyo. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye baa, hata mbele ya mawaziri. Lakini huwa naikata katikati. Sisemi kwamba mdogo wangu nilimtoa shule mimi mwenyewe nikaenda naye. Sisemi kwamba siku ile, mwanzo wa masika, mimi nilikuwa juu nikivuta mfuko kwa kamba na yeye alikuwa chini pekupeku akijaza, viatu ameviacha juu, na kwamba ukuta wa shimo ulishuka kimya, kama mtu anayekaa. Kamba ilibaki mikononi mwangu.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Alihamia benchi la tatu, basi. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Mimi nilidhani anapenda mahali pale kwa ajili ya upepo.

Mwaka jana, kabla ya sikukuu ya parokia, mupe wetu, padri kijana mwenye sauti ndogo, alisema mwisho wa misa kwamba fremu ya dirisha la Maria imeoza, mastiki ya kushika kioo imekatika, mvua ikija na upepo kioo kitaanguka juu ya watu. Alikuwa bado hajamaliza nikasimama.

"Mupe, ile dirisha uniachie miye," nikasema. "Miye njo niko naweka vioo mu Lubumbashi muzima. Siku ya sikukuu mutaona dirisha yenye hata Ulaya haina."

Watu walipiga makofi, bamama wakapiga vigelegele. Nikaketi nikiwa nimevimba kama mkate. Mama hakupiga makofi. Ndani ya gari, wakati wa kurudi, alikaa akishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Ukimushusha," akasema, "umushike muzuri."

"Mama, kioo unaniambia miye?"

"Ule si kioo."

Niliongeza sauti ya redio kidogo. Siku hizi miguu inamsumbua, nikafikiri ni uchovu unaosema.

Kulishusha dirisha lile nililishusha kwa ustadi ambao sijauona kwa mtu mwingine, na nalisema bila haya. Kioo cha rangi si kama kioo cha benki. Ni vipande vidogo vingi vilivyoshikwa kwa vijiti vya risasi, ile metali laini, na ukiliinamisha vibaya, lote linajikunja kama mkeka. Nililifunga kati ya mbao mbili, nikalilaza juu ya godoro nyuma ya pikapu yangu, nikaendesha kutoka kanisani mpaka Naviundu polepole hivi kwamba waendesha pikipiki walinitukana njia nzima. Hakikulia hata kipande kimoja.

Nilifanya kazi peke yangu. Fremu mpya ya chuma, nimeichomea mwenyewe. Risasi zilizochoka, nimezibadilisha. Kisha nikaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na pale, ndugu msomaji, nilifurahi kama mtoto: buluu ya kanzu ilitoka kama anga baada ya mvua, damu ya msalaba ikawa damu, na miguu ya Yohane, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, ilikuwa na viatu vya kamba. Nikapiga picha kwa simu. Katika kila picha nimesimama mbele, natabasamu.

Uso wa Maria tu ndio uliokataa. Sabuni haikuutoa. Nilipoinama karibu niliona ndani ya weusi mistari, kama jicho, kama pembe ya mdomo, lakini mtu akitafuta macho kwenye masizi ya sufuria atayaona pia. Nikaenda kuchukua asidi.

Mtu wa mji mwingine anaweza kushangaa. Huu ni mji wa shaba, asidi kwetu ni kama chumvi. Tunaoshea vigae, tunaoshea vyoo, tunaoshea misalaba ya shaba mpaka inarudi nyekundu. Kitu kikikataa sabuni, mtu wa Lubumbashi hana mawazo mawili. Nikaichanganya na maji, nikavaa glavu, nikachovya chuma cha kusugulia sufuria, nikasugua. Povu la rangi ya kahawia lilishuka, likapita shingoni, likadondoka mezani. Nilikuwa naimba.

Nilipomwaga maji safi, uso ulikuwa umekwisha. Ulibaki mviringo wa kioo kitupu, wazi, nikaona ndani yake mbao za meza yangu. Hapana jicho, hapana pua. Nikavua glavu, nikapitisha kidole: laini tupu. Lakini mimi ni mtu wa kujipa majibu haraka. Nikajiambia: Wazungu waliuacha kioo kitupu makusudi, ili mwanga upite pale kwa nguvu, kwa sababu yeye ni mtakatifu kuliko wengine. Nikalipenda jibu hilo. Nilipolirudisha dirisha ukutani siku ya Ijumaa, nikalifunika kwa kikwembe kipya cha kitenge ili lifunuliwe mbele ya watu, nilikuwa nimeshaligeuza jibu lile hata hotuba.

Jumamosi bamama wa parokia walikuja kufagia kabla ya sikukuu. Mimi nilikuwapo, nikipiga mastiki ya mwisho upande wa Petro. Mkubwa wao, Mama Prezida tunavyomwita, mwanamke mpana anayeuza mafuta ya mawese sokoni, hakuweza kungoja. Akapanda juu ya benchi, akavuta pembe ya kikwembe. Kikaanguka chote.

Wenzake waliacha kufagia.

"Patro," akaniita kama watu wote wanavyoniita, yaani bosi, bado amenipa mgongo. "Mama yetu iko wapi?"

"Njo ule pale mbele yako. Nimemuosha."

"Umemuosha na nini?"

"Na asidi kidogo. Ilikuwa moshi ya mishumaa, Mama. Miaka yote ile mulimuacha na buchafu mu uso."

Alishuka kwenye benchi kwa shida, akakaa. Mwanamke mmoja nyuma yake akarudia kwa sauti ya chini, kama anamsimulia mwingine aliye mbali: "Anasema buchafu."

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningependa wangepiga. Mama Prezida aliweka ufagio magotini akanieleza, taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni njia.

Wakati wa vita vya zamani, yeye akiwa msichana mdogo, risasi ya bunduki ilipita dirishani ikaondoa uso wa Maria, uso ule mweupe wa kwanza. Misheni ikaandika barua Ulaya kuomba kipande kingine. Hakikuja. Bamama wa wakati ule walikataa kupiga magoti mbele ya tundu. Ndipo mchoraji wa reli, yule aliyekuwa akiandika namba kwenye mabehewa, akasema: mnipe kioo kitupu, halafu mnipe mama mmoja nimtazame.

"Bakabishana," Mama Prezida akasema. "Ule anasema mutoto yangu iko muzuri, ule anasema bibi-arusi fulani. Kisha muzee mumoja mwanamuke akabauliza: huyu anasimama chini ya musalaba, iko bibi-arusi? Bakanyamaza. Bakachagua mama mumoja muuza makala, ile ya kuwashia moto. Alikuwa ametoka kuzika mutoto, wiki ile ile. Hakukuwa muzuri. Alikuwa na uso ya mutu anazika mutoto. Njo ule ulisugua."

Nikaweka kisu cha mastiki chini.

"Tangu pale, mama akizika mutoto, anakuya kwikala ku benchi ya tatu, chini yake. Hatukuandika fasi yoyote. Tunayua tu. Mama yako, unafikiri anaikala pale juu ya sababu gani?"

"Hakuna mutu aliniambia," nikasema.

"Uliuliza nani?"

Nimejibu maswali ya wahandisi, ya wakuu wa kodi, ya askari. Kwa lile niliokota vyombo vyangu, nikatoka.

Mama anaishi kwangu, kwenye nyumba niliyomjengea nyuma ya yangu, yenye madirisha mapana kuliko ya mtu yeyote Naviundu. Nilimkuta barazani akichambua maharagwe, sinia mapajani. Nilianza na fremu. Nikamwambia ni chuma kizito, kitakaa miaka mia. Nikamwambia buluu inavyowaka. Vidole vyake vilikuwa vikitenga jiwe, vikitenga jiwe.

"Na uso?" akauliza.

Nikamwambia. Nilisema yote kwa mara moja, asidi, chuma cha sufuria, hata kuimba.

Aliweka sinia chini. "Kila siku ya Mungu nilikuwa namuambia mambo ya mutoto," akasema. "Yeye anayua, haikukuwa lazima nimueleze mwanzo."

"Mama, nitaagiza ingine. Italia, Ubelgiji, kokote. Itakuya na ndege."

"Uso ya nani?"

Nikatoka kutafuta ule wa zamani. Kulikuwa na picha? Usiku na mchana watu wanapiga picha kanisani, harusi, ubatizo, komunyo. Usiku ule nilitafuta kwa wote, kwa simu. Katika zote jua lilikuwa nyuma ya dirisha, na mahali pa uso ni mwanga tu. Na zangu mwenyewe za karakanani, zote saba, kichwa changu ndicho kilichosimama mbele ya kichwa chake.

Jumapili, kesho yake, mupe alitangaza kwamba sikukuu itasogezwa mwezi mmoja, kisha akanipa nafasi ya kusema. Nilikwenda mbele nimevaa suti. Nikaanza: "Bote munaniyua. Benki mbili ya hapa mujini..." Ni mazoea, mdomo ulikwenda peke yake. Mupe akanitazama tu. Nikavua miwani, nikaanza upya. Nikasema: "Niliona Mama yetu mweusi, nikafikiri ni buchafu. Sikuuliza. Nilimufuta." Basi. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo pekee niliyoona watu wakiisikiliza hadi mwisho.

Mama Prezida akasimama mahali pake.

"Alipakwa rangi hapa, atapakwa tena hapa. Tunatafuta mama mwenye alizika mutoto."

Nilidhani watafikiri, watatafuta majina. Akasimama mama mmoja upande wa kushoto. Kisha wawili nyuma yake. Kisha benchi zima, kisha lililofuata, wazee na wengine wadogo kabisa waliobeba watoto wengine mgongoni. Walikuwa wengi kuliko waliobaki wameketi. Nimezaliwa katika mtaa ule. Sikujua.

Mama yangu hakusimama, kwa ajili ya miguu. Lakini ni kwake walikogeuka wote, kwa sababu ndiye aliyekaa chini ya dirisha miaka mingi kuliko yeyote.

"Miye niko muzee," akasema. "Na pua yangu munaiona."

"Muuza makala naye alikuwa na pua," akajibu mama mmoja, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kanisani.

Mama alifikiri. "Nitaikala," akasema mwisho. "Lakini huyu mwana wangu naye aikale pale mpaka mwisho. Na asiseme kitu."

Hapo walicheka kweli.

Mchoraji nilimpata mwenyewe. Ni mzee wa familia ya Waislamu waliotoka Maniema, anachora mabango ya maduka: vichwa vya vinyozi, mbuzi wa bucha, soli za viatu. Nilipomweleza alifuta brashi yake taratibu.

"Patro, mbuzi yote ya mu bucha ya mutaa huu ni yangu. Mama ya Yesu bado."

"Kwenu inakatazwa?"

"Mariamu? Banamusoma kwetu pia." Akafikiri tena. "Nitachora ule mama mwenye ataikala mbele yangu. Jina, mutamupa nyinyi."

Alikuja mchana mara tatu, uani kwangu, mwanga wa saa tisa ukiwa mzuri. Nilimkatia kioo mimi, mviringo ule, na sijawahi kukata kipande kidogo hivyo kwa woga hivyo. Mama alikaa kwenye kiti chenye mto, kitambaa kichwani. Mimi nilikaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, kando ya ukuta. Simu nilikuwa nimeiacha ndani.

Siku ya kwanza alimtazama mchoraji kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mzee akaweka brashi chini.

"Mama, usiniangalie miye. Angaliako kule ulikuwa siku ile ya mutoto."

Aligeuza macho uani. Siku hiyo ya kwanza haikutoka kitu. Ilikuwa mara ya pili ndipo alipoanza kusema, tena si kwa mchoraji wala kwangu. Alisema kuelekea mahali fulani katikati ya ua.

"Nilikuwa nimepika maharagwe ya batu wawili. Huyu akaingia yeye moja, na viatu ya mudogo wake mu mukono. Nilifikiri labda ule mwingine ananawa mukono inje. Nikangoja aingie. Huyu akaniambia: Mama, haikukuwa kosa yangu, nilimuvuta. Njo neno ya kwanza alisema. Haikukuwa kosa yangu."

Brashi iliendelea kutembea, sauti yake ndogo kama panya kwenye karatasi. Nilifungua mdomo. Mama aliinua kidole kimoja, bila kugeuka.

"Sikumuuliza kosa. Nilitaka aikale na miye. Alingoja mpaka bakamuzika, kisha kesho yake akarudia kule kule kuchimba. Kisha akakuya na muchele. Kisha akakuya na mabati. Kisha friji. Nilikuwa nasema asante. Kila mara anakuya na kintu, anasimama, anaenda. Miaka yote ile, hakuna siku aliikala."

Nilikaa. Kopo lile lina ukingo mkali, unakata mapaja, na sikusogea. Nilimtazama mama yangu usoni, mchana mzima, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Nakwambia sikuwa nimewahi kumtazama. Nilijua kipimo cha kila dirisha la nyumba yake na sikujua kwamba jicho lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, na kwamba anapofikiria mdogo wangu midomo yake inajikunja ndani kama anashika pini za mshonaji.

Mara ya tatu ilikuwa ya mwisho. Tulikaa tu, watatu.

Kipande kilipokauka nililirudisha dirisha mezani nikalifunga mwenyewe kwa risasi mpya. Safari hii nilifanya jambo ambalo ni la akili yangu, na hilo nitajisifia mpaka kaburini: rangi niliielekeza ndani, juu yake nikaweka kioo kingine chembamba kitupu, nikaziba pande zote, kama ninavyofanya vioo viwili viwili vya ofisi za watu wa migodi. Moshi hautaugusa uso ule. Na siku mjinga mwingine mwenye karakana kubwa akija na asidi, ataosha kioo changu tu.

Siku ya sikukuu hakukuwa na kikwembe wala kufunua. Watu waliingia wakamkuta. Saa nne jua lilifika upande wa bamama, uso ukawaka, mweusi na wekundu kidogo mashavuni, jicho moja chini ya lingine. Mama Prezida alipiga magoti pale pale njiani, ikabidi watu wampite pembeni.

Baada ya misa nilimsogeza mama mpaka benchi la tatu. Aliinua kichwa akatazama.

"Si miye," akasema. "Miye niko na pua mubaya kushinda ile."

"Iko muzuri, Mama."

"Ule muuza makala alikuwa na sura ya kuchoka zaidi. Haizuru." Akasogea, akapapasa benchi kando yake. "Ikalako."

Nje walikuwa wanapanga watu kwa picha, askofu, mgeni wa sikukuu, katikati. Nilisikia wakiniita, mara mbili, tatu, kwa kipaza sauti, patro wa madirisha, patro wa madirisha. Mama alikuwa tayari ameanza kumwambia yule wa juu mambo ya mdogo wangu, kwa sauti ya chini, kutoka mwanzo kabisa, kwa sababu huyu ni mpya na hajui: alizaliwa mwezi gani, jinsi alivyokataa kunyonya, jina gani la utani walimpa. Mengine sikuwahi kuyasikia. Alipofika shimoni alikatisha, akanigeukia.

"Pale njo weye ulikuwa," akasema. "Muambie weye."

Nikainua kichwa nikamwambia yule wa juu, mpaka mwisho, mpaka viatu.